Mafuta ya Cherehani Kwenye Swichi

Shemeji yangu ana tabia moja: akitaka kukunyang'anya kitu, kwanza anakuonea huruma. Jumapili ile aliingia sebuleni, akakaa kwenye kiti cha wateja, akalitazama koti nililokuwa napachika mikono, akaguna. Nikajua leo kuna jambo.

"Shemeji, unajichosha bure," akaanza. "Kazi ya cherehani, kazi ya mgonjwa, na bado unahangaika na lile gari. Gari limekwisha lile. Taa za breki hazizimi, dirisha halipandi, taa kubwa haziwaki mpaka ushikilie swichi kwa mkono. Alhamisi ni ukaguzi. Halitapita, na wewe unajua. Ijumaa saa tatu nitakuja na mtu wa vyuma chakavu tumalizane."

"Mmalizane na nani?"

"Na kaka. Ameshakubali."

Nikamgeukia mume wangu. Aliendesha mabasi ya abiria miaka ishirini na saba, na mtaa mzima unamwita Kapteni, hata mimi. Miezi minne kabla ya siku hiyo kiharusi kilimwangusha bafuni. Kililegeza upande wake wote wa kulia na kuuvuta ulimi, maneno yakawa yanamtoka moja moja. Alikuwa anaangalia miguu yake.

"Likipita," akasema, "libaki. Lisipopita... alichukue."

Shemeji akajipiga magoti kwa viganja, akaaga. Nilibaki na sindano mkononi, nimevimba kwa hasira, kwa sababu nilielewa kilichouzwa pale, na hakikuwa gari. Kila Ijumaa nilimpeleka Kapteni kliniki ya viungo, upande wa pili wa mji. Mama wa mazoezi wa pale hana maneno ya kupamba. Alituambia miezi sita ya kwanza ndiyo ya kupigania. Mkono ukiuacha umelala ndani ya miezi hiyo, unazoea kulala. Ilibaki miwili. Dereva wa teksi alikuja mara moja, akaona kiti cha magurudumu na ngazi za mlangoni kwetu, akakumbuka kwamba ana mteja mwingine. Shemeji mwenyewe aliahidi kutupeleka. Akaja Ijumaa mbili, ya tatu akawa na kikao, na kikao hicho nadhani kinaendelea mpaka leo.

Bila gari hakuna kliniki, na bila kliniki mkono ule ndio basi. Hesabu yenyewe ilikuwa fupi hivyo.

Jumatatu nilifunga mlango wa wateja, nikamsogeza Kapteni kwenye kiti chake hadi kivulini uani, nikafungua mlango wa gari. Mimi si fundi wa magari. Lakini cherehani yangu ya umeme nimeifungua na kuifunga mara nyingi kuliko nilivyosuka nywele zangu, na jambo la kwanza ninalolijua ni kwamba kitu cha umeme hukigusi mpaka umekikatia umeme. Nikafungua kichwa hasi cha betri, nikakisogeza pembeni, nikajilaza chali chini ya usukani, miguu yangu nje kama ya mtu aliyegongwa.

Nikaanza na taa za breki, maana hizo ndizo zilizokuwa zikinyonya betri mpaka asubuhi gari linakohoa tu. Juu ya pedali kuna swichi ndogo yenye kidole cha plastiki. Pedali ikiwa imetulia, inakibonyeza kile kidole na taa zinazimika. Ukikanyaga, kidole kinaachiwa na taa zinawaka. Nikamulika kwa tochi ya simu. Swichi ilikuwa nzima kabisa. Pale kidole kilipotakiwa kugusa pedali palikuwa na tundu, kidole kinapita humo na kuning'inia hewani. Kwenye zulia la miguuni nikaokota vipande vya plastiki vilivyokauka na kuvunjika kama ganda la yai. Zamani vilikuwa kizibo cha tundu lile.

Nilicheka peke yangu. Wiki tatu watu wananiambia ninunue swichi mpya, kumbe kilichopotea ni kifungo.

Na kama kuna kitu nyumbani kwangu hakikosekani, ni vifungo. Kwenye koti zito, kifungo cha nje hakishonwi peke yake, kitang'oka na kitambaa. Unaweka kingine kidogo upande wa ndani, uzi unapita kwenye vyote viwili, na kitambaa kinabanwa katikati. Nikachagua kifungo kinene cha koti la baridi, na kidogo cha kukaa nyuma yake. Nikavishona kwenye lile tundu kwa uzi wa nailoni wa kushonea ngozi, raundi kumi na mbili, nikafunga fundo na kulitia gundi. Nikarudisha betri, nikazunguka nyuma. Taa zimezima. Nikaibonyeza pedali kwa ufagio huku nimepinda shingo. Zikawaka. Nikaachia, zikazima.

"Umeona, Kapteni?"

Akainamisha kichwa kidogo. Hakutabasamu. Nikadhani ni uchovu.

Nikakata tena betri, nikahamia kwenye dirisha la dereva. Nilibandua ubao wa mlangoni, nikachomoa swichi, nikaifungua kwa bisibisi ndogo ya kukazia mguu wa cherehani. Ndani mlikuwa na vipande viwili vya shaba vinavyotakiwa kugusana, vimekuwa vyeusi kama sufuria ya mkaa. Nikavisugua kwa kifutio cha penseli, kile cha kufutia chaki na alama kwenye michoro yangu ya vitambaa, nikamalizia kwa msasa laini mpaka shaba ikang'aa. Nikarudisha betri kwa majaribio: dirisha likapanda, kwa mikoromo, lakini likapanda. Nikaikata tena.

Hapo ndipo kichwa kilipovimba. Mtu akifaulu mara mbili kabla ya chakula cha mchana anaanza kujiona mhandisi.

Iliyobaki ni swichi ya taa kubwa, ile ya mkono karibu na usukani. Ilikuwa ngumu, inakwaruza, inagoma kukaa mahali pake. Mimi kila Jumatatu asubuhi naitia cherehani yangu mafuta, tone moja kila tundu, na cherehani hiyo ina umri sawa na ndoa yangu. Kitu kikikwaruza, kinadai mafuta. Nikaenda kuchukua kopo langu lenye mdomo mrefu, nikasimama mbele ya Kapteni.

"Nitie mafuta?"

Aliniangalia. Akaliangalia kopo. Kisha akainamisha kichwa kukubali.

Nikatia. Swichi ikalainika, raha kuishika. Basi na mimi, kwa wema wangu, nikazunguka gari zima: tone kwa indiketa, tone kwa dirisha, tone kwa swichi ya breki, tone kwa ile ya dharura, tone kwa honi. Hata taa ya ndani sikuibagua. Nikarudisha betri, kila kitu kikaitika. Nikaoga nikiimba.

Jumanne asubuhi niliwasha gari ili nilisikilize. Taa kubwa, kimya. Indiketa ya kushoto, kimya. Dirisha likashuka nusu na kukwama hapo hapo. Taa za breki zikawaka nilipokanyaga mara ya tatu, zikakataa mara ya nne. Jana nilikuwa na vitu vitatu vibovu. Leo nilikuwa na gari zima bovu. Nikakata tena betri.

Nikachomoa swichi ya dirisha, nikaifunga kwenye kitambaa, nikaenda kwa miguu hadi kwa fundi umeme wa magari anayeitwa Waya. Kibanda chake kiko nyuma ya kituo cha mafuta, nyaya zimening'inia mpaka mlangoni na huwezi kuingia bila kuinama. Waya aliifungua swichi, akainusa, akacheka mpaka akashika meza.

"Fundi, umeikaanga hii?"

"Nimeitia mafuta kidogo. Ya cherehani."

"Hii tu?"

"Zote."

Akaacha kucheka, akavuta kigoda nikae. "Sikiliza, mama. Cherehani ni chuma kinasuguana na chuma, mafuta ni haki yake. Swichi ni shaba inagusana na shaba. Hapo mafuta ni ukuta. Na haya yako yamefanya kubwa zaidi: yameokota uchafu wa miaka ishirini humo ndani, yakaubeba, yakaupanga katikati pale pale umeme unapopita. Nani alikushauri?"

"Nilimuuliza Kapteni. Akakubali."

Waya akaiweka swichi mezani polepole. "Kapteni? Haiwezekani. Mimi mwaka wangu wa kwanza nilishika kopo la mafuta karibu na swichi ya basi lake. Alinisema mbele ya abiria wote, sitasahau. Anajua, mama. Kama kuna mtu anajua, ni yeye."

Alinieleza la kufanya: nifungue swichi moja moja, nioshe kwa spiriti ya duka la dawa na pamba, nisugue kwa kifutio, niache zikauke kabisa kabla ya kurudisha betri, maana mvuke wa spiriti na cheche havipatani. Nikamshukuru. Njiani nilipita duka la dawa, nikanunua chupa mbili, na nikatembea kwa kasi mpaka kiatu kikakatika mkanda.

Kapteni alikuwa kivulini, pale pale nilipomwacha. Nikasimama mbele yake na kiatu kimoja mkononi.

"Ulijua."

Akageuza macho kwenye gari.

"Nilikuuliza, nikasimama hapa mbele yako na kopo mkononi, ukanikubalia. Ulijua yataharibu. Umekaa unanitazama nazunguka gari zima kama punguani, na wewe umekaa tu. Niambie kwa nini, na usinitafutie maneno mafupi, mimi nitasubiri."

Nikasubiri. Mdomo wake ulihangaika, jasho likamtoka kwenye paji la uso. Wakati mwingine wowote ningemsaidia kulimalizia neno. Siku ile nilikataa.

"Nimechoka," akasema. "Kubebwa. Kama... gunia. Mimi. Nilibeba watu... sitini. Sasa unanifunga mkanda... wewe. Watu wanaangalia. Mkono haurudi. Gari likienda... basi. Utapumzika. Na mimi... nitapumzika."

Niliumia, siwezi kusema uongo. Niliumia kuliko siku ile ya bafuni, kwa sababu bafuni alianguka, na hapa alikuwa amelala chini kwa makusudi akaniacha nimsukume peke yangu. Nikataka kumrushia kiatu. Nikakaa chini, pale pale uani.

"Na mimi nimechoka," nikamwambia. "Mgongo unaniuma, wateja wananinunia, makoti ya watu yako nusu nusu. Lakini sijawahi kukudanganya kwa kuinamisha kichwa. Sasa sikia. Gari hili nitalipitisha Alhamisi. Likishapita, karatasi nitakupa wewe mkononi. Ukitaka kuliuza, uza, sitakuzuia. Lakini utaliuza likiwa zima, na utamwambia ndugu yako kwamba umeacha mazoezi kwa sababu umeamua kuyaacha. Usisingizie swichi."

Tulikula chakula cha mchana, na nikamkatia nyama yake vipande vidogo kama kawaida, ingawa siku hiyo nilikata kwa nguvu kidogo.

Jumatano nilianza alfajiri. Nilitandaza shuka nyeupe ya zamani kwenye boneti, nikapanga juu yake kila swichi niliyoichomoa, na chini ya kila moja karatasi yenye maandishi: dirisha, dharura, breki, indiketa. Ndivyo ninavyopanga vipande vya suti visichanganyikane. Pamba ya kwanza ilitoka nyeusi, ya pili nyeusi, ya tano kijivu. Nilisugua, nikaosha, nikapuliza, nikaanika. Saa nne wateja wawili walibisha hodi, nikawaambia fundi hayupo, na sauti wanaijua. Wakaondoka.

Kapteni alikuwa ameomba atolewe nje. Sikujua kwa nini, na sikuuliza.

Swichi ya taa kubwa niliiacha mwisho kwa sababu niliiogopa. Nilipolegeza skrubu ya mwisho, kifuniko kiliruka, na springi ndogo kama ya kalamu ikapaa juu, ikang'aa kidogo juani, ikapotelea uani. Nilipiga magoti nikaanza kutafuta. Kapteni alikuwa ameitazama tangu ilipopaa, macho yake yalikuwa yameganda mahali fulani. Sikumuuliza. Mtu aliyekudanganya Jumatatu humuulizi kitu Jumatano. Nikaenda kuleta sumaku yangu ya kuokotea pini, nikaipitisha ardhini mstari kwa mstari, nikaokota pini tatu, msumari mmoja, na baada ya nusu saa, springi.

Nikasafisha shaba zote, nikarudisha kijiti chake cha kushikia, nikarudisha springi, nikafunga. Swichi haikubofya. Nikafungua, nikafunga tena. Haikubofya. Mara ya nne nikajikaza kisabuni, nikasema moyoni kwamba hata kama nitalala ndani ya gari hili nitalifunga.

"Sahani," akasema Kapteni.

Niliinua kichwa.

"Kisahani cha shaba. Umekigeuza. Upande... wenye kidimbwi... juu. Springi ikae... humo."

Nilikitazama kile kisahani, kisha nikamtazama yeye. Nilitaka sana kumwamini, na nilikuwa na kila sababu ya kutomwamini. Akaona.

"Kweli," akasema. "Hii... kweli."

Nikakigeuza. Kilikuwa na kidimbwi kidogo sana, ukubwa wa punje ya mtama, na springi ikakaa humo ikatulia. Nikafunga skrubu. Swichi ikabofya, sauti kavu na safi. Nilisubiri kila kitu kikauke mpaka jua likapinda, nikarudisha betri, nikapitia swichi moja moja huku nikisoma majina kwenye karatasi zangu. Zote zikaitika. Sikuimba safari hii.

Alhamisi nilimfunga Kapteni mkanda, akageuza uso dirishani, tukaenda. Uwanja wa ukaguzi ulikuwa na foleni ya magari kumi na moja, mengi mapya kuliko letu. Mkaguzi alikuwa mtu mrefu mwenye tochi na uso wa mtu aliyedanganywa na kila aliyekutana naye. Alizunguka gari mara moja akitikisa kichwa kabla hata hajaanza.

"Taa kubwa."

Nikawasha.

"Kali. Chini. Kali tena." Akarudia mara tano, nadhani kwa makusudi. Zikawaka mara tano. "Indiketa. Dharura. Honi. Dirisha." Dirisha likakoroma likipanda, akalitazama mpaka likafika juu. "Kanyaga breki. Achia. Kanyaga."

Kisha akafanya kitu nisichokitegemea: akafungua mlango wangu, akainama, akamulika chini ya usukani.

"Hiki ni nini hapa?"

"Kifungo," nikasema. "Cha koti. Kizibo cha pedali kilivunjika, nimeshona kifungo."

"Umeshona."

"Na kingine kiko nyuma yake. Uzi ni wa ngozi. Kivute."

Akakivuta. Akakivuta tena kwa nguvu, uso umemkunjamana, akikisukuma kushoto na kulia. Nilikuwa nimeshika usukani kwa mikono yote miwili. Akanyanyuka, akapangusa mikono.

"Kwenye taa sina neno," akasema. "Hicho kizibo kinauzwa, ukipata nafasi utie cha kwake. Lakini hiki hakitoki leo wala kesho." Akaandika, akagonga muhuri, akanipa karatasi.

Niliegesha pembeni, chini ya ukuta, nikazima injini. Nilikuwa nimeahidi. Nikaiweka karatasi kwenye mapaja ya Kapteni, nikasema, "Limepita. Sasa ni juu yako." Nilikuwa nimekaza sauti, lakini ndani niliogopa kuliko nilivyomwogopa mkaguzi.

Simu ikalia kabla hajaisoma. Shemeji. Nikaifungulia sauti, nikaiweka kwenye mkono wake wa kushoto.

"Vipi kaka, limepita?"

"Limepita."

"Aah. Haya, vizuri. Lakini tuseme ukweli, karatasi haiwezi kulifanya gari jipya, na shemeji anaumia. Mtu wangu nimeshamwambia. Bei itapanda kidogo, hivyo tu. Ijumaa saa tatu kama tulivyosema?"

Kapteni alivuta pumzi. Nikaangalia mbele, ukutani, nisimsaidie kwa macho wala kwa chochote.

"Ijumaa," akasema. "Saa tatu. Sipo."

"Unakwenda wapi?"

"Mazoezi."

"Basi saa nane, ukirudi."

"Nikirudi," akasema, na hapa neno lilimkwama, akalirudia mpaka likatoka, "nikirudi... nitakuwa nimechoka. Na gari... haliuzwi. Mwambie mtu wako."

Akaikata mwenyewe, kwa kidole gumba, na ilimchukua muda kukipata kitufe.

Nikalia. Sikujificha, sikujifanya nina mafua, nililia na kichwa juu ya usukani, watu wa kwenye foleni wakadhani gari langu limekataliwa. Kapteni aliikunja ile karatasi kwa mkono mmoja, vibaya, akaiweka mfukoni mwake. Akaningoja nimalize, akanipa leso nijifute macho, maana kwake dereva asiyeona mbele haondoshi gari, kisha akasema twende.